Mgeni wa Pili katika Nyumba ya Pipa

Ranald Currie alipokodi nyumba alimozaliwa, mtandao ulimshukuru kwa kukichagua kisiwa chao, ukamtakia mapumziko mema, kisha ukamwuliza: wageni wangapi?

Alikuwa ofisini Glasgow, nyuma ya duka la mazulia alilolisimamia, simu ikiwa sikioni na kompyuta mbele yake. Aliyekuwa kwenye simu ni binamu yake, Una MacAffer, ambaye hakuwahi kuhama kisiwani na ndiye aliyekuwa akiisafisha nyumba hiyo na kutunza funguo zake kwa niaba ya mwenyewe.

"Wanauliza tuko wangapi," Ranald alisema.

"Andika wawili."

"Wawili? Una, mama amefariki."

"Najua amefariki, mimi ndiye niliyekupigia. Lakini si atalala humo? Peigi hakuwahi kukaa mahali bila kuhesabiwa, usimwanzishie leo."

Akaandika wawili. Mtandao ukataka kujua kama mmoja wao ni mtoto mchanga atakayehitaji kitanda chake. Ranald akajibu hapana, akalipa, akajifungia chooni akalia kidogo, kisha akatoka kwenda kumwonyesha mteja zulia la ngazi.

Nyumba ilikuwa ya mama yake. Miaka mitatu nyuma Peigi alianguka uani, miguu ikagoma, akapelekwa kwenye nyumba ya wazee upande wa pili wa kisiwa. Ranald akamwambia kwamba nyumba ameipangisha kwa watu wastaarabu mpaka miguu irudi. Miguu haikurudi, na nyumba alikuwa ameshaiuza, maana karatasi za kusimamia mali mama alikuwa amemsainia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema jambo jepesi leo ili lile zito likamsubiri kesho, na watu wa namna hiyo wamejaa duniani na wengi wao ni wapole sana. Kila alipopiga simu, mama aliuliza wapangaji hawajambo, naye alijibu hawajambo, mama, wanakutunzia na maua.

Mnunuzi alikuwa Bwana Gerald Tolley, daktari wa meno mstaafu kutoka kusini kabisa mwa Uingereza, aliyekuja kisiwani kuonja wiski akakuta wiki nzima haina mvua. Ajali kama hiyo ikimpata mgeni, hununua nyumba. Ghorofa ya juu aliifunga na vitu vyake, ya chini akaifanya fleti ya wageni wa kujipikia wenyewe, na yote kwa pamoja akaiita Nyumba ya Pipa, ingawa hakukuwa na pipa humo mpaka yeye alipolileta.

Na Peigi alikuwa ameomba jambo moja tu. "Nikifa, nitoke kwenye mlango wangu." Aliliomba akiwa mzima, akaliomba hospitalini, akaliomba tena Krismasi iliyopita, na mara zote Ranald alijibu ndiyo, mama. Kisiwani humo hilo si ombi la anasa. Maiti hurudi kwake, hukaa na watu wake, kisha hutolewa kwa mlango wa mbele, miguu ikitangulia, mabegani mwa wanaume. Mlango wa mbele hauna kazi nyingine ya maana; ni wa mchungaji, wa daktari na wa jeneza. Wazima wote hupita nyuma, jikoni, bila kubisha hodi. Maiti ikitolewa kwa nyuma, majirani hujiuliza marehemu alifanya nini, na hawaachi kujiuliza mpaka wajukuu zake wazeeke.

Bwana Tolley hakuyajua hayo. Mwaka wake wa kwanza alipangisha kundi la vijana waliomleta rafiki yao kuaga ukapera, wakaaga mpaka mlango wa bafu ukang'oka. Tangu hapo alifunga kamera kwenye mlango wa mbele, jicho dogo la kioo lenye spika chini yake. Mtu akisimama pale, simu ya Tolley inalia huko huko kusini, anamwona, na akitaka anamsemesha. Jicho lilikuwa moja tu. Alidhani, maskini, kwamba watu huingia majumbani kwa mbele.

"Mwombe ruhusa tu," Una alikuwa amemshauri Ranald, ingawa bila nguvu nyingi, maana sharti la kwanza alilopewa yeye mwenyewe alipoajiriwa lilikuwa kwamba mikusanyiko ni marufuku na akiruhusu mmoja kazi hana.

"Atakataa," Ranald alisema. "Na akikataa, basi tena. Tuingie kimya, tutoke kimya."

Jinsi ya kutoka kimya na jeneza, hilo aliliacha likamsubiri Jumamosi.

Alifika Alhamisi mchana kwa gari, akiwa amesahau kuinua kidole kwenye usukani kuwasalimu madereva aliopishana nao, na kabla hajazima injini kisiwa kizima kilikuwa kimeshaambizana kwamba mtoto wa Peigi amerudi na majivuno yake. Akasimama mbele ya mlango wa mbele na begi dogo, akalitabasamulia jicho kama mtu aliyekuja kupumzika. Jicho likawaka taa ya bluu. Halikusema kitu.

Ndani alikaribishwa na ubao uliochongwa maneno makubwa: ISHI KAMA MWENYEJI. Chini yake palibandikwa masharti. Wageni wasizidi wanne. Mikusanyiko hairuhusiwi. Mishumaa hairuhusiwi. Kuondoka ni Jumamosi saa nne asubuhi. Koleo la baba yake la kukatia udongo mweusi, ule unaokaushwa na kuchomwa ili moshi wake uipe wiski ya huko ladha yake, lilikuwa limepakwa vanishi na kutundikwa ukutani. Beseni la mama la kufulia lilikuwa limejaa maua ya plastiki, kwa hiyo kuhusu maua, angalau, hakuwa amesema uongo. Juu ya nusu pipa iliyogeuzwa meza palikuwa na kichupa cha wiski cha zawadi na kadi ya kumfundisha namna ya kuinywa: kwanza inuse, kisha tone la maji, kisha fumba macho. Baba yake alifanya kazi kwenye mitambo ya kiwanda cha wiski cha kisiwani maisha yake yote na hakuwahi kuinusa hata siku moja. Alisema akitaka kunusa ataenda kazini.

Una alitokea jikoni, bila hodi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono myekundu ya maji ya moto.

"Umefika," alisema. "Na umenenepa."

"Asante."

"Sikusema kwamba ni vizuri." Kisha akamkumbatia kwa nguvu, na Ranald akagundua kwamba tangu habari zimfikie hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

Jeneza likaja kwa nyuma. Mzee Dugald MacTaggart alilisimamia mwenyewe. Alikuwa fundi wa mapipa kiwandani kabla hajawa seremala na mzishi wa kisiwa, na alisema kazi ni ileile, tofauti ni kinachowekwa ndani. Lakini mlango wa jikoni una vingazi, na kona yake ni mbaya. Ikabidi walisimamishe wima kabisa ili lipite kati ya friji na ukuta.

"Miaka mitatu Peigi hajasimama," Dugald alisema akihema. "Leo umemsimamisha, Ranald."

"Ni kamera, mzee Dugald. Iko mlango wa mbele."

"Sikuuliza kitu, mwanangu."

Kisiwani humo mtu akikwambia hakuuliza kitu, ujue ameshauliza, ameshajijibu, na jibu hakulipenda. Ranald alikuwa amekaa Glasgow muda mrefu, lakini hilo alilikumbuka.

Wakamweka Peigi sebuleni, chini ya dirisha linalotazama ghuba, kifuniko wazi. Alikuwa amekuwa mdogo. Una alilifungua dirisha kidogo ili roho ipate pa kupita, akaifunika televisheni kwa shuka kwa kuwa kioo chake kilikuwa kinaakisi sura za watu, na penye maiti vioo hufunikwa, akawasha mishumaa miwili chini ya sharti la mishumaa. Ranald alisema neno kuhusu mishumaa. Una akasema hakusikia.

Basi wakaanza kuja. Walikuja kwa jikoni, kama walivyokuja maisha yao yote, wakaacha viatu vyenye tope kwenye kizingiti na makoti juu ya jiko la Tolley. Walikuja wa zamu ya asubuhi kutoka kiwandani, nguo zikinuka moshi. Wakaja wakulima, dereva wa basi la shule, wanawake waliofanya kazi na Peigi kwenye kantini ya kiwanda, na mtu mmoja ambaye Peigi hakumsemesha kwa sababu ya mbwa tangu Ranald akiwa shuleni, naye alikuja akasimama mbele ya jeneza muda mrefu kuliko wote. Fleti ilikuwa ya kujipikia lakini hakuna aliyepika, maana kila mtu aliingia na sahani: sandwichi za mayai, supu ya kondoo na shayiri, skonzi, keki nzito ya zabibu iliyochemshwa ndani ya kitambaa. Na kila aliyeingia alipewa glasi ya wiski, akainywa bila kusoma kadi.

Ranald aliacha kuwahesabu walipozidi wanne, yaani mapema sana. Kazi yake ikawa kushusha mapazia, kuyapandisha kwa kuwa Una aliyakataa, na kuzunguka akiomba watu wapunguze sauti.

"Tupunguze kwa nini?" aliuliza yule dereva wa basi. "Tutamwamsha?"

Hata watalii walifika. Mume na mke kutoka Denmark, waliovaa makoti ya mvua ya rangi moja, waliona watu wanaingia mlango wa nyuma na chupa na kutoka na mashavu mekundu, wakafuata wakidhani ndipo wiski inapoonjwa. Hakuna aliyewafukuza, kufukuza mtu kwenye msiba ni jambo lisilofanyika. Wakapewa glasi na viti karibu na jeneza. Yule mume alipoelewa kilichokuwa ndani ya lile sanduku zuri, alivua kofia akaiweka magotini, na wakakaa hapo mpaka zaburi ikaisha, wakampa kila mtu mkono. Bila shaka walirudi kwao wakisema hicho ndicho kisiwa pekee walichokaribishwa kwa moyo.

Ijumaa alasiri, sebule ikiwa imejaa, Ranald aliona kiti kimoja kitupu karibu na dirisha. Watu walikuwa wamesimama na vikombe vyao, wengine wamekaa ukingoni mwa nusu pipa, lakini kile kiti cha kijani hakuna aliyekigusa. Miguu ilikuwa inamuuma. Akaenda kukikalia.

"Acha hicho," alisema Bi Chirsty Gillies, jirani wa nyumba ya pili, ambaye alimwogesha Ranald utotoni na bado alikuwa akimwangalia kwa jicho hilohilo. "Hicho ni cha Peigi cha Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

Bi Chirsty akaangalia ndani ya kikombe chake. Sebule nzima ikaangalia ndani ya vikombe vyake. Mtu mmoja akasema inaelekea mvua itanyesha, na ilikuwa inanyesha.

Ranald alimfuata Una jikoni, akaufunga mlango.

"Una. Jumamosi gani?"

Una alikuwa anaosha glasi, na hakugeuka. "Jumamosi wageni wa zamani wanatoka saa nne, wapya wanaingia saa tisa. Hapo katikati ni mimi na shuka. Nilikuwa nampitia kule kwa wazee, namleta. Anakaa pale dirishani, anaangalia ghuba, ananiambia shuka sijui kuzikunja. Kabla wageni hawajafika namrudisha."

"Kila Jumamosi?"

"Barabara ikipitika."

"Na hukuniambia."

"Alikuwa mama yako, hakuwa siri ya serikali. Ungeuliza ungeambiwa."

Ranald alichukua kitambaa akaanza kukausha glasi, kwa sababu mikono ilikuwa inataka kitu cha kufanya. "Tolley je?"

"Jumamosi anajua ni mimi natoka na kuingia na mafurushi, haangalii. Akijua nilikuwa naingiza mtu humu, kibarua kimeota nyasi. Kwa hiyo funga mdomo."

"Koleo la baba, pale ukutani. Mama aliliona?"

"Aliliona. Alisema ndiyo mara ya kwanza analiona safi."

Ranald akacheka, kisha akajikuta hacheki tena. Alikuwa na swali moja, na alilizunguka kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. "Lakini yeye alijua nimeipangisha tu, siyo? Hakujua kwamba nimeuza."

Una aliisuuza glasi ambayo ilikuwa imeshasuuzwa. "Alijua kama ulivyomwambia," alisema. "Kama ulivyomwambia, ndivyo alivyojua."

Ranald akashusha pumzi. Aliona wivu na aliona aibu, lakini zaidi ya vyote aliona nafuu. Mama alikufa akiamini kwamba nyumba ni yake. Angalau hilo alikuwa amemtunzia. Akarudi sebuleni akanywa glasi mbili mfululizo, bila kunusa.

Jumamosi asubuhi Mchungaji Beaton alikuja, na hata yeye, ambaye mlango wa mbele ni haki yake, aliombwa na Ranald apite jikoni. Alipita, akajigonga kwenye friji. Akasoma, akaomba, wakaimba zaburi ya Kigaeli, lugha ya zamani ya kisiwa, kwa sauti ya chini kwa ajili ya Ranald, jambo ambalo zaburi hiyo haikuwahi kufanyiwa. Una alimbusu Peigi kwenye paji la uso, Ranald akafuata, Dugald akafunga kifuniko. Wanaume wa kubeba wakavua kofia, wakajipanga pande zote mbili, na bila kuambizana wakageuka kuelekea mlango wa mbele.

"Jamani," Ranald alisema. "Tupite nyuma."

Hakuna aliyegeuka.

"Ni hii kamera tu. Akiona, Una atafukuzwa kazi. Tukishafika barabarani tutampanga vizuri, tutambeba kama inavyotakiwa. Ni hapa mlangoni peke yake."

Hakuna aliyebisha. Watu wa kisiwa ni wagumu hapo, kwamba hawabishi. Mtu akibishana nawe una pa kumshika. Wanaume walisimama mikono imeshuka, wanaangalia viatu vyao. Mchungaji aliangalia jalada la kitabu chake. Jeneza lilikaa pale pale lilipokuwa.

"Usinifanye mimi kisingizio," Una alisema kutoka jikoni. "Kazi ya kufua shuka nitaipata kwingine. Kisiwa chote ni shuka siku hizi."

"Nilimwingiza kwa nyuma kwa ajili yako," Dugald alisema, taratibu kabisa. "Kumtoa kwa nyuma, tafuta mzishi mwingine. Yupo mmoja, yuko bara, na feri ya leo imefutwa."

Ranald aliwatazama mmoja mmoja. Aliwachukia wote, na alijua kwamba kama yeye ndiye angekuwa anabeba mama wa mtu mwingine, angesimama hivyohivyo na kuangalia viatu hivyohivyo. Mama aliomba jambo moja. Saa ya ukutani ya Tolley, yenye sura ya pipa, ilikuwa inaikaribia saa nne. Akavuka sebule, akaushika mlango wa mbele, akaufungua mpaka mwisho.

Jicho likawaka bluu, na kabla hajakanyaga nje, mlango ukasema:

"Habari za asubuhi. Kuna nani hapo?"

Ilikuwa sauti ya mzee, yenye adabu zote za kusini. Na Ranald, ambaye alikuwa ameufungua mlango kwa ushujaa wake wa kwanza wa mwaka ule, tabia yake ya siku zote ikamtangulia.

"Ni sisi wageni tu, bwana. Ndiyo tunaondoka. Hii hapa nyuma ni... ni mizigo."

Aliyasikia maneno yake baada ya kuyasema. Nyuma yake Bi Chirsty alivuta pumzi. Mizigo. Alimwita mama yake mizigo, mbele ya mchungaji na ya kila mtu aliyewahi kumjua, kwa sababu ya kifaa kidogo kuliko sanduku la kiberiti. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mlango ukauliza, "Ni Ranald, sivyo?"

"Ndimi."

"Nililiona jina wakati unakodi. Currie, wageni wawili. Akina Currie ni wengi huko, nikasema labda siye." Sauti ikakohoa. "Jumamosi iliyopita hakuja. Wala ile ya kabla yake. Ndiye Peigi huyo uliye naye?"

Una alitoka jikoni mikono ikidondosha maji. "Wewe unamjua Peigi?"

"Habari yako, Una. Jumamosi ulikuwa ukimweka hapa mlangoni na kiti chake cha magurudumu, wewe unazunguka nyuma kwenda kumfungulia. Huwa unachukua muda."

"Komeo linakwama," Una alisema. Akajishika shavu kwa mkono wa maji. "Mungu wangu. Nilikuwa nikifungua namkuta anaongea na mlango. Nikadhani akili zimeanza kumtoka."

"Alikuwa anaongea na mimi. Siku ya kwanza nilimuuliza yeye ni nani na anatafuta nini kwenye nyumba yangu. Akaniuliza mimi swali hilohilo."

Dereva wa basi alicheka, akajiziba mdomo kwa kofia. Ranald hakucheka. Alikuwa ameinama, uso wake karibu na lile jicho.

"Kwa hiyo alijua," alisema. "Alijua kwamba niliuza."

"Nadhani alijua kabla yangu mimi niliyenunua. Alisema kisiwa kilimwambia wiki ileile."

Ranald aligeuka. Kisiwa kilikuwa kinaangalia viatu vyake. Miaka mitatu, mara zile chache alizokuja, walikuwa wakikutana naye, wakimpa pole ya mama mgonjwa, wakimsikiliza akieleza habari za wapangaji wake wastaarabu, na kuitikia kwa kichwa. Aliyekuwa anatunzwa siyo mama.

"Alituomba," Bi Chirsty alisema. "Ungetaka tumkatalie?"

"Aliomba usiambiwe," mlango ulisema. "Samahani, labda na mimi sikupaswa. Alisema ukijua kwamba anajua, utaona vibaya, na ukiona vibaya huwa hupigi simu."

Ranald akaugeukia mlango tena, akauinamia.

"Alisema pia kwamba siku hii ikifika utajaribu kumpitisha jikoni," mlango uliendelea kwa upole, "na kwamba Dugald hatakubali. Hebu mtoeni. Saa nne isiwasumbue. Nimesimama, ingawa hamnioni."

Wanaume waliinama, wakainua. Peigi Currie akatoka kwenye mlango wake, miguu ikitangulia, mpaka nusu ya jeneza ikawa nje kwenye manyunyu na nusu bado iko ndani. Hapo wakasimama, kwa sababu upande wa kichwani, kulia, palikuwa na nafasi waliyomwachia mtoto wa marehemu tangu mwanzo, naye alikuwa bado ameinamia mlango.

"Bwana Tolley," Ranald alisema, karibu kwa kunong'ona. "Siku za kawaida. Ulipomuuliza habari zangu. Alikuwa anasemaje?"

"Kwamba una shughuli nyingi," mlango ulisema. "Kila mara. Angependa kuja, alisema, lakini ana shughuli nyingi sana."

"Ranald," Dugald aliita, bila ukali. "Mama yako si mwepesi, na sisi si vijana."

Ranald akaingiza bega lake chini ya jeneza. Siku hiyo hakuwa na shughuli nyingine.